Sura ya Sita: Herufi Kubwa na Herufi Ndogo Katika Mstari Mmoja

Herufi za Kirumi tunazoandikia leo zina sura mbili, kubwa na ndogo, na kwa kuwa tulifundishwa sura hizo pamoja tangu utotoni, wengi wetu hudhani kwamba zilizaliwa wakati mmoja na kwa haja moja. Sivyo ilivyokuwa. Baina ya herufi kubwa, zilizokamilika mikononi mwa Warumi, na herufi ndogo, zilizokamilika katika nyumba za watawa wa Ulaya, imepita takriban miaka mia saba. Zile zilitokana na burashi na patasi juu ya jiwe, hizi zilitokana na kalamu ya unyoya iendayo upesi juu ya ngozi. Zile zilikusudiwa kusomwa kwa mbali na mpita njia, hizi kusomwa kwa karibu na mtu aliyeketi. Ndiyo sababu mwanafunzi wa khati, akiisha kujifunza kila jamii peke yake hata mkono ukazoea, hupatwa na mshangao siku anapoziandika pamoja katika neno moja: herufi kubwa huonekana kama imeangukia mahali si pake, na mstari uliokuwa ukienda kwa utulivu hukatika pale ilipo. Muradi wa sura hii ni kueleza jinsi jamii hizo mbili zinavyopatanishwa, na hoja yake ni moja tu, kwamba ukubwa wa herufi kubwa haumo katika kimo chake wala katika mapambo yake, bali umo katika umbo lake na mahali ilipowekwa.

Mfano maarufu kupita yote wa herufi kubwa ni ile mistari sita iliyochongwa chini ya nguzo ya Kaisari Trajan katika mji wa Roma, nguzo iliyozinduliwa mwaka wa 113. Anayeitazama kwa makini hutambua kwamba upana wa herufi haukugawanywa sawa, bali kila moja ilipewa haki yake: O imekaribia duara kamili, na C, D, G na Q zimefuata duara hilo, ilhali B, E, F, L, P na S ni nyembamba, kiasi cha nusu ya mraba au zaidi kidogo. Hutambua pia kwamba herufi za mistari ya juu ni ndefu kuliko za mistari ya chini, maana waliozipanga walijua kwamba msomaji angesimama chini akiinua macho. Padre Edward Catich wa Marekani, aliyelichunguza jiwe hilo kwa miaka mingi, alitoa hoja katika kitabu chake cha mwaka wa 1968 kwamba herufi hizo ziliandikwa kwanza kwa burashi bapa, ndipo patasi ikafuata. Na kwa hoja hiyo uzito na wepesi wa mistari yake, na vile vijiguu vinavyomalizia kila shina, ni kazi ya mkono wa mwandishi kabla ya kuwa kazi ya mkono wa mchongaji. Jambo la kushika hapa ni kwamba herufi hizi, isipokuwa mkia wa Q, husimama zote baina ya mistari miwili, wa juu na wa chini, wala hapana ipandayo wala ishukayo. Kila moja imetimia kwa nafsi yake, na zikikusanyika huwa kama safu ya watu wa kimo kimoja.

Herufi ndogo zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Waandishi wa vitabu, waliokuwa na kurasa nyingi za kujaza na ngozi ghali ya kuandikia, hawakuweza kuinua kalamu mara tatu au nne kwa kila herufi. Kwa hiyo karne baada ya karne maumbo yalilainika, pembe zikawa mapinde, mashina mengine yakapanda juu ya mstari na mengine yakashuka chini yake, hata maandishi yaliyokuwa yakikaa baina ya mistari miwili yakahitaji minne. Mabadiliko hayo yalikwenda kila nchi kwa namna yake mpaka enzi ya Mfalme Charlemagne, ambaye katika waraka wake wa mwaka wa 789 aliagiza vitabu vya dini visahihishwe na viandikwe kwa uangalifu. Mwanachuoni wake Alcuin, aliyetoka York katika Uingereza, aliwekwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Martin huko Tours mwaka wa 796, akakaa hapo hata kufa kwake mwaka wa 804; na Tours ikawa mojawapo ya mahali ilipostawi khati ile iitwayo kwa jina la mfalme huyo, khati ya herufi ndogo za mviringo, zilizo wazi, zisizong'ang'aniana, na zenye nafasi baina ya neno na neno. Herufi ndogo zilizochapwa katika ukurasa huu ni kizazi chake.

Ilipopatikana khati mpya, waandishi hawakuitupa ya zamani, bali waliipandisha cheo. Katika vitabu vizuri vya wakati ule anwani huandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi, mstari wa kwanza wa sura kwa khati nyingine ya kale iliyo na umbo la mviringo, na matini yenyewe kwa herufi ndogo, hivi kwamba jicho hushuka kwa daraja kutoka kwenye ukale na taadhima mpaka kwenye usomaji wa kawaida. Waandishi wa Ireland walikwisha kupata njia nyingine tangu zamani, kama inavyoonekana katika kitabu cha Zaburi kiitwacho Cathach, kinachokadiriwa kuwa cha karibu na mwaka wa 600: herufi ya kwanza ni kubwa sana, inayofuata ni ndogo kidogo, na ya tatu ndogo zaidi, mpaka herufi zikafikia kimo cha matini bila ya jicho kuona mahali palipokatika. Moja ni njia ya ngazi na nyingine ni njia ya mteremko, na mpaka leo kila mwandishi anayetaka kuanzisha ukurasa kwa herufi kubwa hufuata mojawapo, ajue asijue.

Msomaji wa pwani yetu aliyesoma kwa herufi za Kiarabu hataliona jambo hili kuwa geni, ijapokuwa alifu na be hazina kubwa wala ndogo. Waandishi wa Kiarabu, walipokuwa na haja ile ile ya kutenga anwani na matini, waliitimiza kwa kubadili khati: jina la sura aghalabu likaandikwa kwa thuluthi au kwa Kufi, na aya zikaandikwa kwa naskhi, au waliitimiza kwa rangi, kama ilivyo katika misahafu ya kale ya Siyu, ambamo wino mweusi husaidiana na mwekundu na manjano. Haja ya kuonyesha mwanzo, jina na heshima ni ya waandishi wote, na herufi kubwa ni njia mojawapo tu ya kuitimiza. Anayelikumbuka hilo hatairundika herufi kubwa kila mahali, maana anajua ni kazi gani ameituma.

Lakini ndoa hasa ya jamii hizi mbili, ile ambayo matunda yake tunayo katika kila gazeti na kila kitabu, ilifungwa Florence mwanzoni mwa karne ya 15. Poggio Bracciolini, Niccolò Niccoli na wenzao, waliokuwa na shauku kubwa ya elimu ya kale, walivipata vitabu vya Kilatini vilivyoandikwa kwa khati ya Charlemagne na ya waliomfuata, wakaiona kuwa ndiyo khati ya kale iliyo safi, wakaifufua. Na kwa herufi kubwa wakayatazama mawe ya Warumi. Hivyo herufi ndogo za watawa zikakutanishwa na herufi kubwa za Makaisari, na kazi ya waandishi wa Italia kwa miaka sabini iliyofuata ilikuwa kuzizoesha kukaa pamoja. Nicolas Jenson, Mfaransa aliyepiga chapa Venice, alipotoa herufi zake za mwaka wa 1470, mapatano hayo yalikuwa yamekwisha kukomaa. Na Aldus Manutius wa mji huo huo, alipochapa mashairi ya Virgil mwaka wa 1501 kwa herufi ndogo za mlazo, alizitilia herufi kubwa zilizosimama wima, fupi, zisizofikia hata kimo cha l na d. Wengi wanaoziona leo hudhani ni upungufu, kumbe ndani yake limo fundisho.

Fundisho hilo ni la vipimo, na vipimo vya khati havichukuliwi kwa rula ya fundi seremala, bali kwa kalamu yenyewe. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka wa 940, aliweka kanuni kwamba herufi ipimwe kwa nukta, yaani alama ya pembe nne ambayo ncha ya kalamu huiacha ikigusa karatasi na kuvutwa kidogo; na urefu wa alifu ukahesabiwa kwa nukta hizo. Miaka karibu elfu moja baadaye Edward Johnston, aliyezaliwa Uruguay mwaka wa 1872 na kulelewa Uingereza, aliifufua sanaa ya kalamu ya ncha pana kwa kuvisoma upya vitabu vya kale vilivyohifadhiwa London. Naye katika mafundisho aliyoanza kuyatoa mwaka wa 1899, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1906, alisisitiza kwamba ncha ya kalamu ndiyo inayolizaa umbo la herufi. Kwa kipimo hicho, khati ya msingi inayofundishwa katika njia yake, ambayo mfano wake ni kitabu cha Zaburi kilichoandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 10, hupewa mwili wa upana wa ncha nne: hicho ndicho kimo cha a, n na o. Herufi zipandazo, kama b, h na l, hufikia saba. Na herufi kubwa? Hiyo hupewa sita.

Mwanafunzi husita hapo, maana amezoea kudhani kwamba herufi iitwayo kubwa haina budi kuwa ndefu kuliko zote. Lakini na atazame. Shina la l ni mstari mmoja tu, na likipanda juu ya wenzake huwa jembamba angani, wala halichukui nafasi. H ina mashina mawili na uwazi mpana katikati, O imeshika duara zima la weupe, M imeshika zaidi. Herufi hizo zikipewa kimo sawa na l, uzito na upana wake huungana na urefu, na jicho huziona kama zimepiga kelele. Zikipunguzwa kwa upana wa ncha moja, hukaa mahali pake kwa utulivu, na heshima yake haipungui hata kidogo. Imamu hahitaji kuwa mrefu kuliko maamuma wake, maana mahali aliposimama ndipo panapomtambulisha. Herufi iliyotangulia neno, yenye umbo lisilofanana na zilizo nyuma yake, imekwisha kujitambulisha, na urefu wa kuongezea haufai kitu.

Baada ya kimo huja uzito. Kalamu ni ile ile, na ncha ni ile ile, kwa hiyo unene wa shina la herufi kubwa ni sawa na unene wa shina la herufi ndogo. Lakini kwa kuwa shina la kubwa ni refu zaidi, huonekana jepesi kidogo, na wepesi huo ndio unaolipa deni la upana wake. Asifanye mtu kosa la kubadili kalamu katikati ya mstari akatia ncha nene kwa ajili ya herufi kubwa, maana mstari utajaa mabaka meusi. Herufi ya kuanzia sura, iliyokusudiwa kutoka nje ya mstari na kuchukua kimo cha mistari miwili au mitatu, ni jambo jingine: hiyo huandikwa kwa kalamu kubwa zaidi, au hujengwa kwa mistari kadhaa ya kalamu nyembamba inayojazwa wino katikati, kama waandishi wa kale walivyofanya, na hapo ni wajibu shina lake linenepe kwa kadiri lilivyorefuka.

La tatu ni ujamaa wa mkono. Kama herufi ndogo zimeandikwa kwa kalamu iliyolazwa digrii 30, na kubwa ziandikwe kwa mlazo huo, isipokuwa katika mistari ya mshazari na katika mashina ya N, ambapo kalamu husimamishwa zaidi ili uzito usizidi. Kama khati ni ya mlazo, ambayo mwili wake ni upana wa ncha tano na o yake imebanwa kuwa yai, basi O kubwa nayo ibanwe na iinamishwe kwa kadiri ile ile, na kimo chake kiwe karibu na saba. Duara kamili la Kirumi likitiwa humo litasimama peke yake kama mgeni asiyeijua lugha ya wenyeji. Waandishi wa khati hii, mmojawapo Ludovico degli Arrighi ambaye kitabu chake cha mafunzo kilichapwa Roma kikiwa na tarehe ya 1522, walizipa herufi kubwa mikia na mikono inayopepea, nayo ni madaha ya halali, maadamu yanakaa mwanzoni mwa mstari au mahali penye nafasi. Lakini kuna mpaka ambao hauvukwi: herufi kubwa zenye madaha, na herufi kubwa za khati nyeusi ya Kijerumani zilizojaa mapinde na mistari ya ndani, hazikuumbwa kusimama zenyewe kwa zenyewe. Neno zima likiandikwa kwa herufi hizo, halisomeki. Kila moja inadai kutangulia, na hapana inayofuata. Anayetaka neno zima kwa herufi kubwa arudi kwa zile za Kirumi, ambazo ndizo zilizozaliwa kukaa safu moja.

Mwandishi wa Kiswahili ana mambo yake mahsusi ya kuangalia, na hayo hayamo katika vitabu vya Ulaya. La kwanza ni kwamba yale maandishi ya nguzo ya Trajan hayana H, J, K, U, W, Y wala Z. Nazo ndizo herufi tusizoweza kuandika bila ya kuzitumia, maana kwa hizo huanza Kilwa, Unguja, Wete, Zanzibar, Juma, Hamisi na Yusufu. Basi hana budi kuziunda kwa kiasi cha ndugu zake. H ipate upana wa N, au pungufu kidogo. U ifuate H. J ishuke kutoka kwenye shina la I bila ya kupinda sana. Mguu wa K ulingane na mguu wa R. Y ichukue pembe ya V. W iwe V mbili zilizobanwa kidogo, maana zikiachwa katika upana wake kamili hula nafasi ya herufi tatu. Z iandikwe kwa kulaza kalamu katika mstari wake wa mshazari, la sivyo mstari huo utakuwa mwembamba kama uzi.

La pili ni jirani wa herufi kubwa. Lugha yetu, kwa sababu ya viambishi vyake, hurudia mianzo ile ile: Wa katika majina ya watu, Ki katika majina ya lugha, M na U katika majina ya nchi na mahali. Katika Wa, bawa la W limeinama juu ya a na kuacha pengo chini yake, basi a isogezwe ndani mpaka iingie chini ya bawa hilo. Katika Ki, mguu wa K hutaka kuikanyaga i, basi ufupishwe kidogo. Katika Mw, M ikiwa na miguu iliyotanuka itaachana na w juu, kwa hiyo ni afadhali miguu yake ikaribie kusimama wima. Na sauti zetu zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama Ch, Sh na Ng', hupewa herufi kubwa moja tu, ya kwanza. Ya pili hubaki ndogo na hukaribishwa, ili jicho lizisome kama kitu kimoja.

La tatu huonekana katika anwani zilizoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Maneno yetu ni marefu na yamejaa A, herufi iliyo na weupe mwingi mabegani mwake. Mtu na aandike WATAWALA akalitazame: W, A, T, A, W na A huingiliana zenyewe, hata neno likaonekana limebanwa, kisha ghafla baina ya L na A hufunguka shimo lisilozibika. Dawa si kulibana shimo, kwa kuwa mguu wa L haukubali, bali ni kuzifungua herufi nyingine zote mpaka nafasi zake zilingane na ile ya L na A. Pahali pabaya kuliko pote katika neno ndipo panapotawala nafasi za neno zima. Ndiyo sababu herufi kubwa zikiwa peke yake hutaka nafasi pana kuliko zikiwa na ndogo, na ndiyo sababu pia hazifai kwa maneno mengi: mstari mmoja wa herufi hizo una taadhima, lakini ukurasa mzima humchosha msomaji, kwa kuwa hapana ipandayo wala ishukayo ya kulisaidia jicho kulitambua neno kwa umbo lake.

Mazoezi ninayompa kila anayenijia kujifunza ni haya. Achukue majina ya miji kumi na ya watu kumi, ayaandike kwa khati ya msingi, kila jina katika mstari wake, na kila jina mara tatu: herufi kubwa ikiwa na kimo cha ncha saba, kisha sita, kisha tano. Karatasi ibandikwe ukutani, aende mbali nayo hatua kadhaa, aitazame si kwa kusoma bali kwa kupima weusi na weupe. Ataona kwamba katika saba herufi ya kwanza inamwita kabla ya jina. Katika tano imezama, na jina halina mwanzo. Katika sita jina lote linamjia kwa pamoja, na mwanzo wake unajulikana bila ya kutangazwa. Kisha ayaandike majina yale yale katikati ya sentensi, kwa maana huko ndiko herufi kubwa hujaribiwa kweli, ikiwa imezungukwa na ndogo kwa mbele na nyuma.

Zipo khati ambazo vipimo vyake havifanani na hivi, na wapo mabingwa waliozivunja kanuni hizi kwa kusudi wakafaulu. Lakini waliofaulu walijua walichokivunja. Herufi kubwa huandikwa kwa ajili ya jina la mtu, jina la mji, jina la Mola na mwanzo wa maneno, nayo ni mambo anayoyatafuta msomaji; akiyapata upesi, akaendelea na usomaji wake bila ya kusimamishwa na madaha ya kalamu yetu, herufi hiyo imefanya kazi iliyotumwa tangu zama za Warumi, na mwandishi ameutimiza wajibu wake kwa neno na kwa msomaji pia.